Skuta ya Tajudini na Jicho la Mama Mkwe

Tajudini, fundi saa wa mtaa wa maduka wa Quartier Asiatique, ana miguu mifupi na subira ndefu, na nadhani ndiyo sababu alipenda skuta. Aliinunua kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akifunga duka lake ili ahamie kwa ndugu zake. Ilikuwa ya kijani kilichopauka, kama ukuta wa zahanati. Ilikuwa na viti viwili vilivyoachana, kila kimoja na springi zake, na mbele ya kiti cha nyuma palikuwa na kishikio cha chuma ili abiria ajishikilie mwenyewe bila kumsumbua dereva.

Siku hizo nilikuwa mtunza ghala wa duka la vitambaa lililotazamana na meza yake, na mchana tulikula pamoja barazani. Wa tatu wetu alikuwa Jovithe, tarishi wa ofisi moja ya mjini. Ofisi ilimpa pikipiki nyekundu, ndefu, yenye magurudumu ya kupandia milima, ingawa barua zake zote zilikwenda mahali penye lami mpaka mlangoni. Ubishi wao ulianza kabla maharage hayajapoa na uliendelea mpaka sahani zinaoshwa.

"Ile haiko chombo ya mwanaume," Jovithe alisema. "Ni choo yenye magurudumu. Mutu anakaa magoti pamoja kama anangoja kung'olewa jino."

"Na we unakaa kama mutu anazaa," alijibu Tajudini, bila kuondoa lenzi jichoni.

Hoja za Tajudini zilikuwa nyingi na alizipanga vizuri. Kwenye skuta mtu huingia katikati kama anayeingia mlangoni. Ijumaa yeye hupanda na kanzu yake mpaka msikitini, naye mwenye pikipiki lazima aipandishe kanzu na kuuonyesha mtaa mzima kilicho chini yake. Bati la mbele huzuia matope, na kwenye ubao wa miguu unaweza kuweka saa ya ukutani na isipoteze hata dakika. Jovithe alikuwa na hoja moja tu: magurudumu ya skuta ni madogo kama sahani, hakuna shimo yanalolikosa. Kwa ajili ya ukweli nataka kuandika kwamba hapo Jovithe alikuwa sahihi. Siku moja Tajudini alinibeba kutoka Buyenzi, mtaa anaokaa, mpaka kazini. Nilihesabu mashimo thelathini na moja. Tuliingia ishirini na tisa.

Mambo yangeendelea hivyo, kama si jicho la Bi Asiya.

Bi Asiya ni mama wa Zubeda, mke wa Tajudini. Alikaa Kamenge, mtaa wa pembeni ya mji, kwa kaka yake, Mzee Uthmani. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani. Mwezi wa nane mwaka 2002, lile la kulia alilobaki nalo, lililokuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, lilipasuliwa katika kliniki ndogo ya mjini isiyo na vitanda. Daktari alimfunga bendeji, akampa sharti: kila asubuhi kwa siku saba afike kabla ya saa tatu jicho lioshwe na kutiwa dawa. Akikosa hata siku moja, usaha ukiingia, basi, atabaki gizani maisha yake yote.

Wiki hiyohiyo mafuta yalikosekana mjini. Mabasi madogo ya Kamenge yalilala, na teksi zilipanga mstari kwenye vituo vya petroli, madereva wamelala ndani. Na Bi Asiya kuhamia Buyenzi kwa Tajudini kwa siku hizo saba hakukuwezekana, kwa sababu mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Kwa desturi ya kwao wawili hao hawagusani, hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawatajani majina, na hawasemezani moja kwa moja. Neno lazima lipitie kwa mtu wa tatu. Kwa miaka kumi na minne mtu huyo wa tatu alikuwa Zubeda.

Jovithe alijitolea pikipiki yake mara moja, na ninaandika hilo kwa heshima yake. Bi Asiya aliposikia kwamba abiria wa pikipiki hutanua miguu na kumshika dereva kiunoni, alicheka mpaka akashikilia bendeji.

Ni Zubeda aliyekumbuka viti viwili vya skuta. Ukoo ukakutana Kamenge siku ya upasuaji, saa kumi, na mimi nikaitwa nije na rula ya dukani. Nilipima nafasi kati ya kiti na kiti: sentimita kumi na moja. Mzee Uthmani alifikiri sana.

"Kumi na moja inatosha kama skuta imesimama," alisema. "Lakini ikifunga breki, mama si atamwangukia?"

Mwishowe Mzee Uthmani mwenyewe aliingia jikoni, akatoka na ungo wa kupepetea mchele, akamfunga nao Tajudini mgongoni kwa kamba, kama ngao iliyovaliwa nyuma-mbele. "Huu ni ukuta," alisema. "Sasa kila mutu yuko nyumbani kwake."

Asubuhi ya kwanza Bi Asiya alikalishwa upande, kanga zimefungwa, miguu juu ya kibati cha pembeni. Hakuona kitu. Zubeda, aliyelala Kamenge usiku huo, alibaki mlangoni, kwa sababu skuta hubeba wawili tu. Hapo ndipo watu wote walipogundua shida ambayo rula yangu haikuipima: mtu wa tatu hayupo.

Bi Asiya alikohoa. Akapapasa kile kishikio cha chuma.

"Skuta," alisema, "umwambie mwenye kukuendesha, mi nimekaa."

Tajudini aliutazama usukani. "Skuta, umwambie mama tunaondoka, ashike chuma vizuri."

"Skuta, umwambie chuma nimeshika toka zamani. Yeye ndiye anachelewa."

Tangu hapo wakaelewana. Zubeda aliniambia kwamba katika siku saba zile mama yake na mume wake walizungumza kuliko miaka kumi na minne yote. Skuta iliulizwa bei ya mchele, iliambiwa kwamba Zubeda anapika chumvi nyingi, ikakubali.

Siku ya pili walisimamishwa kwenye bariyeri, kizuizi cha wanajeshi barabarani, karibu na daraja la mto Ntahangwa. Siku hizo bariyeri zilikuwa nyingi na hakuna aliyecheza nazo. Mwanajeshi kijana aliutazama ungo, akamtazama mama mwenye bendeji, akaamua kuanza na mama.

"Mama, huyu mutu ni nani yako?"

"Ni wa binti yangu."

"Anaitwa nani?"

"Simwiti."

"Nauliza jina."

"Jina analo. Lakini mi silisemi."

"Anakubeba na haumujui jina?"

"Nalijua sana. Ndiyo maana silisemi."

Kijana aligusa ungo kwa kidole. "Na hii?"

"Ni ukuta," alisema Bi Asiya.

Kijana alirudi nyuma, akamwita mkubwa wake. Akaja mwanajeshi wa makamo, mwenye mvi ndevuni, akaelezwa habari yote. Akamuuliza Tajudini neno moja tu, lenye maana ya mama mkwe kwa lugha ya huko: "Mabukwe?" Tajudini akaitikia kwa kichwa. Hapo mkubwa yule aliondoka haraka upande wa mama, akazunguka mbali, kana kwamba ni mama mkwe wake mwenyewe, akainama mbele ya taa ya skuta.

"Skuta," alisema, "umwambie bwana aonyeshe karatasi."

Karatasi zilikuwa sawa. Kutoka siku hiyo walipitishwa bila kusimama, na yule kijana alikuwa akiisalimu taa.

Siku ya sita ilikuwa mbaya. Petroli Tajudini aliinunua kwenye chupa, kando ya barabara, na chupa ya siku hiyo ilikuwa na maji nusu. Skuta ilivuka daraja, ikakohoa kama mzee wa sigara, ikanyamaza. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini na nane. Tajudini alipiga mateke ya kuwasha mpaka kamba ya ungo ikamshuka kiunoni. Kusukuma kwa miguu hadi kliniki kungechukua saa nzima.

Jovithe akatokea na pikipiki yake, mfuko wa barua begani. Mafuta ya ofisi hayakosekani.

"Panda hapa nyuma yangu, mama. Dakika kumi tumefika."

"Skuta," alisema Bi Asiya, "umwambie huyo kijana, mi nimezaa watoto saba kwa heshima. Siwezi kukumbatia mutu barabarani."

"Mama, jicho litaharibika!"

"Skuta, umwambie litaharibika kwa heshima."

Jovithe hakucheka, wala Tajudini. Mama akasema taratibu, bila kuita skuta wala mtu: "Lakini nilitaka kuona sura ya Zubeda. Miaka mitatu sijaiona vizuri."

Jovithe akaangalia pikipiki yake, akaangalia skuta, akaangalia watu waliokuwa wakipita na ambao wengi wao walimjua.

"Tajudini," alisema, "kaa. Shika usukani. Usiguse breki."

Akaja nyuma yao na pikipiki, akanyoosha mguu wa kulia, akauweka kwenye kitako cha ile skuta aliyoiita choo, akasukuma.

Mimi nilikuwa mbele ya duka na kipande cha kitenge mkononi walipopita Quartier Asiatique. Nimekiandika nilichokiona kwa utaratibu. Kwanza alikuja Tajudini, wima, uso wa mtu anayebeba mayai, na ungo mgongoni. Kisha Bi Asiya, amekaa upande, ametulia kama yuko sebuleni. Skuta haikutoa sauti yoyote. Nyuma yao pikipiki nyekundu ikinguruma kwa gia ya kwanza, na Jovithe juu yake na mguu mmoja mbele, kama mtu anayefunga mlango kwa teke na mlango haufungiki. Wenye maduka walitoka wote.

"Jovithe!" mmoja alipiga kelele. "Sasa umeajiriwa na choo?"

Jovithe, kwa aibu, alipiga honi ili watu waondoke.

"We pikipiki," alisema Bi Asiya bila kugeuza kichwa, "umwambie bwana yako asipige honi. Anabeba mugonjwa."

Nilimsikia Jovithe kwa masikio yangu. "Pikipiki," alisema, "umwambie mama, ndiyo."

Mlangoni mwa kliniki nesi Pascaline alikuwa tayari anafunga daftari la asubuhi. Tajudini alikuwa amevaa saa tatu za wateja mkono wa kushoto, akizijaribu. Moja ilisema saa tatu na dakika mbili, moja saa tatu kasoro tatu, moja saa tatu kasoro sita. Aliinua mkono, akafunika mbili kwa kiganja.

Nesi Pascaline aliitazama hiyo iliyobaki, akamtazama mama, akautazama ungo. "Ingia, mama," alisema, akalifungua daftari.

Siku ya saba daktari aliondoa bendeji. Zubeda alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Buyenzi tangu alfajiri ili awepo. Bi Asiya alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda mrefu, halafu akamwambia amenenepa na kitambaa chake hakilingani na kanga. Zubeda alilia kwa furaha. Daktari aliinua vidole vitatu, naye akasema vitatu, na kwamba kimoja kinahitaji kukatwa kucha.

Wakatoka nje. Tajudini aliwasha skuta kwa petroli safi aliyopewa na Jovithe, Bi Asiya akakaa kiti chake, safari ya kurudi Kamenge ikaanza. Hawakufika mbali. Kwenye njia panda lilipita lori la kreti za bia, karibu kiasi cha kupapasa kanga. Nyuma yake lilikuja gari la wanajeshi, na mbele ya gari, mbuzi, na mbele ya mbuzi, shimo, na skuta ikaingia kwenye shimo.

"Skuta!" alisema Bi Asiya. "Simama!"

Skuta ikasimama. Bi Asiya alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Skuta, umuulize. Siku zote hizi tulikuwa tunapita hapa?"

"Skuta, umwambie mama, ndiyo. Hapa hapa."

"Katikati ya hizi gari?"

"Katikati."

"Na hii mbuzi?"

"Mbuzi ni ya leo."

Bi Asiya alifikiri. Kamenge ni mbali kwa miguu, na jua lilikuwa limepanda. Akakaza kanga, akashika kile chuma kwa mikono miwili, kisha akalifumba jicho lake jipya kwa nguvu, na lile la kushoto pia, kwa usalama.

"Skuta," alisema, "umwambie twende."

Tajudini aliniambia kwamba mpaka wanafika kwa Mzee Uthmani hakulifungua hata mara moja, na kwamba alitoa shahada mara tatu. Bi Asiya, kupitia kwa Zubeda, alinitumia ujumbe nisahihishe hapo. Ilikuwa mara mbili. Ile ya tatu alikuwa akimtukana mbuzi.