Boti Isiyonyweshwa

Mpaka leo nikisikia mtu anaitwa "Mheshimiwa" kabla hajapewa cheo chochote, nainuka na kuondoka. Neno hilo lilimkuta kaka yangu asubuhi moja kwenye baraza la kahawa Ujiji, ameshika kikombe na kipande cha kashata, hana habari. Mmoja wa wale wanywaji wa kila siku alimsogezea kiti akasema, "Mpisheni Mheshimiwa akae." Wakacheka wote. Kaka naye alicheka, lakini kile kiti alikikalia.

Huyo ni kaka yangu mkubwa, tumbo moja, tumekulia mtaa wa Kasingirima. Kazi yake ni kuunda maboti ya mbao ufukweni mwa ziwa, Bangwe. Sitaki mtu adhani kaka yangu alikuwa mjinga. Angekuwa mjinga ningeshamsamehe zamani. Alikuwa na akili kuliko sisi wote nyumbani, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia.

Boti yake ilikuwa haitoki mpaka inywe. Ndivyo mafundi wa pale wanavyosema. Ukishapigilia mbao na kuziba nyufa kwa pamba iliyolowekwa mawese, unaivuta boti mpaka kwenye maji ya magotini, unaijaza maji, unaitia mawe ili ikae chini, unaiacha. Mbao zinakunywa, zinavimba, zinabanana. Baada ya siku saba, pengine kumi, unaitoa, unatazama inapovuja, unaziba tena. Hapo ndipo inapakwa rangi, maana ukitanguliza rangi umeufunga mti mdomo. Kisha fundi mwenyewe anapanda safari ya kwanza pamoja na wenye boti, ili likitokea la kutokea limkute na yeye humo.

Mafundi wengine walipunguza siku mteja akipiga kelele. Kaka hakupunguza. Kuna mwenye boti alikuja siku tatu mfululizo kugomba, akatishia kumleta mjumbe. Kaka akamjibu, "Mlete, naye asubiri." Kwa hiyo watu walikuwa wakiingia kwenye boti za kaka yangu na watoto mgongoni bila kuuliza swali. Hakuwa na shamba kubwa wala nyumba ya ghorofa. Alichokuwa nacho duniani ni hicho, kwamba watu walipanda kazi yake wakiwa wamefumba macho.

Kazi hiyo aliifanya na mwenzake mmoja, mzee Mha mwenye maneno machache, wameanza pamoja mimi sijaolewa. Kaka alikuwa akiziba nyufa upande wa kulia, mzee upande wa kushoto, wanakutana mbele. Siku nzima ungewasikia wakibadilishana maneno kumi, na matano ni ya kuombana nyundo.

Sasa lile neno la kwenye kahawa halikuisha. Kila akipita, "Mheshimiwa!" Wavuvi wakasikia, nao wakaanza. Na kweli watu walikuwa wakimletea ugomvi wao awaamue, na aliwaamua vizuri. Udiwani wa kata ungemfaa, sikatai. Mimi mwenyewe nilimwambia hivyo, tena zaidi ya mara moja. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Gungu, na nilimshonea kaunda suti ya bluu kabla hata hajaniambia kama anagombea. Wateja wakaanza kuniita dada wa Mheshimiwa. Sikumkataza hata mmoja.

Kisha wakaja wapambe. Sijui hawa watu wanakaa wapi wakati hakuna uchaguzi. Hawalimi, hawavui, hawauzi kitu, lakini uchaguzi ukikaribia utawaona wamejaa kama kumbikumbi baada ya mvua. Mkubwa wao alikuwa bwana mmoja mwenye miwani myeusi ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba. Alidai amewahi kufanya kazi na wakubwa huko Dodoma. Kazi gani, na mkubwa yupi, hakusema, na kaka hakuuliza. Kaka yangu, aliyekuwa akigonga kila ubao kwa kidole kabla ya kuukubali, mtu huyu alimpokea hivi hivi bila kumgonga.

Walihamia nyumbani kwa kaka. Nikipeleka chakula nawakuta wamekaa.

"Kaka, hawa jamaa wanafanya nini hapa?"

"Wanapanga mikakati."

"Mikakati gani? Tangu asubuhi nimeona wakipanga mifupa ya migebuka pembeni ya sahani."

"Mdogo wangu, siasa huijui."

Siasa sikuijua, ila kaka yangu nilimjua, na nilimwona anabadilika mchana kweupe. Bwana Miwani alimwambia kiongozi mtarajiwa hashiki randa hadharani, wapiga kura wanataka kiongozi, hawatafuti seremala. Kaka akaweka randa chini. Akaambiwa asiwe mwepesi wa kusalimia, asubiri asalimiwe. Mtu aliyekuwa akitoa shikamoo mpaka kwa wanaomzidi mwaka mmoja, sasa anapita ameinua kidevu, nyuma yake kuna mtu amemshikia simu. Simu! Kana kwamba mikono yake mwenyewe ina kidonda. Nilitamani kumzaba kibao mbele ya watu.

Kila siku walimvisha kilemba cha ukoka. Mara udiwani ni mdogo kwake. Mara kuna mzee mmoja mahali fulani ameota kaka yupo bungeni. Nami nilipokuwa nikicheka nyumbani kwa mume wangu kuhusu hiyo ndoto, moyoni nilikuwa nimeshachagua kitenge nitakachovaa siku ya kuapishwa. Sijitoi.

Katika kikao kimoja cha wanachama, kaka aliahidi boti ya wagonjwa. Vijiji vya kando ya ziwa, kusini mwa mji, havina barabara ya maana, mama mwenye uchungu analetwa mjini kwa mtumbwi wowote utakaopatikana. Wazo lilikuwa zuri, tena lilikuwa lake mwenyewe, alilisema miaka mingi kabla ya mambo ya kura. Angeunda boti ndefu yenye paa na kitanda, aikabidhi kwa wananchi. Watu walipiga makofi mpaka wakasimama. Bwana Miwani akamvuta pembeni akamwambia boti hiyo lazima ikabidhiwe kabla ya kura za maoni, la sivyo mwingine atatafuta gari la wagonjwa na kumzima.

Boti ikaundwa haraka. Nilikwenda Bangwe na bakuli la chakula siku ambayo mwenzake, yule mzee, alikuwa akikagua upande wake. Nikawakuta wapambe wamekuja na makopo ya rangi, kijani na nyeupe, na mmoja ameshaanza kupaka. Mzee alimwangalia, akamgeukia kaka.

"Fundi, haijanywa."

"Najua. Shughuli ni keshokutwa."

"Keshokutwa oya, hapana. Nipe siku saba. Basi tano."

Nilimwona kaka akiutazama ubao, na naapa aliujua ukweli, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mshono wa mbao akaugusa. Angeachwa dakika mbili na mti wake angesema ndiyo. Lakini Bwana Miwani akakohoa.

"Mheshimiwa, huyu mzee ametumwa."

Ametumwa. Kwetu ukitaka kummaliza mtu wakati wa uchaguzi, neno hilo linatosha, huhitaji ushahidi. Wapambe wote wakaguna kwa pamoja. Kaka akainua uso, akamwambia mtu aliyefanya naye kazi miaka yote hiyo, mbele ya wavuvi na wanawake waliokuwa wakianika dagaa:

"Kama umetumwa, rudi kwa waliokutuma."

Mzee alikusanya nyundo yake na patasi, akavifunga kwenye gunia, akaingia ziwani akanawa miguu, akaondoka. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na bakuli langu. Mimi ndiye mtu pekee pale ambaye kaka asingeweza kumwambia ametumwa. Ningesema neno moja angenisikia. Nilikuwa nafikiria kile kitenge.

Siku ya shughuli jua lilikuwa zuri na ziwa limetulia, ngoma zinapigwa, shehe kaomba dua, mchungaji kaomba sala. Boti ilipendeza, lazima niseme. Tukapanda wanakwaya, kina mama wawili kutoka vile vijiji na watoto wao, wanachama kadhaa, na mimi. Kaka, kama ilivyo desturi ya fundi, alipanda, lakini badala ya kukaa chini akisikiliza mbao, alisimama mbele kabisa na kaunda suti yangu, anapunga mkono. Bwana Miwani alibaki ufukweni. Alisema anataka kutupiga picha vizuri.

Tulikuwa hatujafika mbali, watu wa ufukweni bado tunaziona nyuso zao, nikahisi miguu imelowa. Nikadhani ni maji tuliyoingia nayo. Mama aliyekuwa mbele yangu akainua kitenge chake, kisha akamwinua mtoto. Maji yalikuwa yakiingia kwenye mishono, kulia na kushoto, taratibu, bila kelele.

"Kaka, maji!"

Akaniambia bila kugeuka, "Tabasamu, wanapiga picha."

Wallahi ndivyo alivyosema. Maji yapo kwenye vifundo vya miguu yake mwenyewe, fundi wa boti, na anatabasamu. Injini ikakohoa, ikazima. Kwaya ikaanza kupiga kelele, watu wakahamia upande mmoja, boti ikalala, tukawa ndani ya ziwa.

Aliyetufikia wa kwanza kwa mtumbwi alikuwa yule mzee. Nyumba yake ipo mlimani juu ya ufukwe, na baadaye mkewe aliniambia kwamba tangu asubuhi alikuwa ameshuka ufukweni, amekaa kwenye mtumbwi wake, ameshika kasia, hataki hata chai. Alichukua watoto, akachukua mama zao, akanivuta mimi kwa nguo. Mitumbwi mingine ikafuata. Kaka alitolewa wa mwisho, ameng'ang'ania ubao wa kijani. Hakuna aliyekufa. Mtoto mmoja alitapika maji akalia, na kile kilio kilikuwa kitamu kuliko nyimbo zote za kwaya. Ufukweni hapakuwa na mtu aliyecheka. Ningefurahi kama wangecheka. Walimtazama tu kaka akipanda mchangani, wakampisha njia.

Bwana Miwani hakuonekana tena siku ile. Wiki hiyo hiyo nilimwona amekaa kwenye gari la mgombea mwingine, miwani ile ile, akanipungia mkono kama vile tunajuana vizuri. Kura za kaka zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni mwenye boti aliyekuja na watu wake kuchukua mbao za boti yake ambayo kaka alikuwa ameifikisha nusu, akampa fundi mwingine. Na kilichoniuma zaidi ni mvuvi mmoja ambaye boti yake aliundiwa na kaka zamani sana, imevua miaka yote haijavuja hata tone. Alikuja akasimama mlangoni, akauliza kwa adabu, "Fundi, samahani, hii yangu ulihakikisha imekunywa?" Kaka aliingia ndani akajilaza. Hakula siku mbili.

Nilimwachia mvua za masika zipite, kisha nikamwandama. Nikamwambia hujaenda kwa mwenzako, hujaomba radhi, unangoja nini? Akasema mzee hataki kumwona. Nikamwambia mzee alikutoa ziwani, kwa hiyo alitaka kukuona. Nilimsumbua mpaka akavaa viatu. Tukapanda bodaboda mbili, tukaenda Bangwe.

Mzee alitupokea vizuri mno. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaagiza tuletewe ugali wa muhogo na samaki aina ya kuhe wa kukaanga. Tukala. Kaka akanawa mikono, akapiga magoti, akasema yote. Hakuficha kitu, hata neno ametumwa alilirudia kwa kinywa chake. Nilimsikia kaka yangu wa zamani akiongea, nikaona kumbe yupo bado, moyo ukanipoa kwa mara ya kwanza.

Mzee akamshika mkono akamwinua.

"Nimekusamehe. Nilikusamehe siku ile ile."

"Basi turudi kazini, fundi. Wewe na mimi, kama zamani."

Mzee alimtazama kwa upole, bila hasira hata chembe.

"Oya. Kula kwangu utakula, kulala utalala. Lakini boti yako sipandi tena. Na wajukuu zangu nimewaambia wasipande."

Kaka aliinamisha kichwa. Tuliaga. Tukateremka kwa miguu kuelekea barabarani, yeye mbele, mimi nyuma, na sikutaka kumsemesha kwa sababu nilijua amepigwa pale pale panapouma. Nilikuwa natafuta neno la kumfariji. Nikaona ameanza kutembea haraka. Akasimama, akanigeukia, macho yanang'aa.

"Umesikia alivyonisamehe, tena mbele ya shahidi? Yule mzee ana ukoo mkubwa hapa Bangwe. Kipindi kijacho kura za ukoo wote ule ni zetu."

Nilimtazama nikasubiri acheke. Hakucheka. Nililia pale pale barabarani, kwa sauti, bodaboda wakapunguza mwendo kunitazama. Kaka akanishika bega.

"Usilie, mdogo wangu," akaniambia. "Safari hii tutashinda."