Mwenyekiti wa Walezi

Wanzala alijua kulia, hilo hakuna aliyemnyima. Kila mkutano wa watu wanaotunza wazee waliopotewa na kumbukumbu, pale Kawangware anakoishi, alisimama akaeleza jinsi anavyomwosha baba yake, anavyomlisha, anavyokosa usingizi. Machozi tiriri, na kuku wa lanchi bado kwenye meno. Wakamchagua mwenyekiti.

Baba mwenyewe, Mzee Ouma, alikuwa Gatwekera kwa binti yake Immaculate. Huko ndiko alikooshwa.

Immaculate hakujua mkutano wala kuku. Alichojua ni kwamba alifunga kibanda chake cha chapati siku Baba alipotoka peke yake akapatikana Silanga, miguu ndani ya matope ya bwawa. Tangu hapo, hata akienda kuchota maji roho inamtoka.

Asubuhi moja mwenyekiti huyo akafika na teksi. Mtu asiyewahi kumnunulia Baba hata panadol, teksi!

"Imma, niazime mzee kidogo. Walezi wa wazee walinichagua mwenyekiti, na ofisa wa mradi wetu anakuja kwangu kumwona, ndio watupe mhudumu wa kukaa naye siku mbili kwa wiki."

"Akae naye wapi?"

"Si kwangu? Ndiko niliandikisha."

"Kwani Baba anaishi kwako?"

"Aki wewe, usianze."

Immaculate alimtazama kama inzi aliyeangukia chai. Akamvalisha Baba koti, akaingia teksi naye. Huyo mhudumu alimtaka. Siku mbili tu, afungue kibanda.

Walipofika, Wanzala akakimbilia dukani kutafuta maziwa ya mgeni. Masikini, hakumjua baba yake. Mzee Ouma alikuwa soja wa geti maisha yake yote, na akili ilipomtoka ilimwachia geti. Akiona mlango mgeni, yuko kazini. Akasimama pale kifua mbele, bakora mkononi.

Wanzala akarudi na maziwa yake, nyuma yake ofisa, Madam Nzilani.

"Simama! Unaenda kwa nani?"

"Baba, ni mimi."

"Baba yako nani? Wa maziwa hupitia nyuma!"

Immaculate alikuwa ameketi juu ya mtungi wa plastiki kando ya mlango. Alijua la kufanya. Hakulifanya.

Wanzala akajaribu kupenya, bakora ikamla goti. Akasukuma. Mzee akapaza sauti, "Mwizi!" Wapangaji wa ploti nzima wakatoka, mmoja tayari na jiwe.

"Ah, kumbe ni Wanzala!" jirani akacheka. "Na huyu babu ni wa nani? Hatujawahi kumwona hapa."

Madam Nzilani akageuka polepole. Wanzala akamnong'oneza dada yake, jasho likimtiririka, "Imma, ongea na mzee."

"Mimi ni nani? Mlezi si wewe, mwenyekiti?"

"Dada," ofisa akamuuliza Immaculate, "mzee analala wapi?"

"Gatwekera. Kwangu."

"Basi Jumatatu mhudumu atakuja Gatwekera. Nitamleta mwenyewe."

Hata machozi ya Wanzala, siku hiyo yalipotakiwa kweli, hayakuja.

Hapo ndipo Immaculate akainuka, akasimama wima mbele ya Baba, akapiga saluti.

"Afande, zamu yako imeisha. Nimekuja kukupokea."

Mzee akashusha mabega. Akamkabidhi bakora, kisha akamwonyesha Wanzala kwa kidevu.

"Huyo usimruhusu."

"Hapiti, afande."