Mpakani Ndipo Atomu Zinaposogea

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua pale Kericho, nilipokuwa bado mwanafunzi wa fizikia, jinsi Kiprotich alivyonichosha. Nakusimulia, mwanangu, kwa sababu jana ulinichosha vilevile uliponiambia picha zako ziko sawa, "isipokuwa pale mpakani, shangazi, hapo nimekata."

Kiprotich, mwanafunzi mwenzangu, alikuwa kijana wa Sigor, mwepesi wa kompyuta na mzito wa masikio. Tulikuwa tukichunguza oksidi mbili, yaani tabaka nyembamba za metali iliyoungana na oksijeni, zilizooteshwa moja juu ya nyingine. Ile ya juu ilikuwa feroelektriki: ndani yake chaji chanya na hasi zimesogea pande tofauti, na hubaki hivyo hata bila umeme. Ukiipa volteji ya kinyume, zinageuka. Huko kusogea ndiko polaraizesheni.

Picha za atomu zilipofika kutoka maabara ya ng'ambo, safu zote zilikuwa zimenyooka, ila pale oksidi zilipokutana. Hapo atomu za oksijeni zilikuwa zimehama kidogo, na safu zimeachana kuliko kawaida.

"Hii sampuli imeharibika tu," Kiprotich akasema. "Nakata hapo pichani."

Nikamwambia aulize kwanza. Nikamwambia tena. Sikio la kufa halisikii dawa. Akakata, akaandika sura nzima ya tasnifu juu ya kilichobaki.

Profesa Atieno, msimamizi wetu, mama aliyetoka upande wa ziwa na kuzeekea kwetu, aliisoma ile sura akiwa amesimama. Hakupandisha sauti.

"Kiprotich, ulitupa nini?"

"Kasoro, Madam."

"Na kasoro inajua volteji? Geuza polaraizesheni, halafu tuone."

Sampuli ikarudishwa ng'ambo, ikapewa volteji ya kinyume. Tulisubiri hadi chai iliyokatwa ikachipua tena. Picha mpya zikaja: palepale, safu zilizokuwa zimeachana sasa zimekaribiana. Chaji za oksidi ya juu ndizo zilizokuwa zikizisogeza atomu za jirani yake. Uharibifu haugeuki ukiamriwa. Kiprotich akavuta kiti, akaanza sura upya. Wenzake wakahitimu, yeye akabaki, nami nikimsaidia huku nanung'unika.

Basi, mwanangu, nisikilize, maana sitarudia. Kitu hakiishii mpakani mwake. Humgusa jirani, na jirani husogea. Ukikuta atomu mahali usipozitarajia, usiziite uchafu kabla hujageuza mwelekeo ukatazama tena. Mdharau mwiba mguu huota tende. Zirudishe picha ulizokata, leo, kabla hujanywa chai.

Mungu akujalie macho yenye subira, na kazi yako isimame hata siku ambayo sitakuwepo kukusumbua.