Modeli Yangu Ilimnyima Shangazi Kizimba

Admin, nisitiri jina. Wenzangu wa kazini wamo humu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, ninaishi Bariadi, nimesomea takwimu chuo kikuu. Mradi mmoja wa soko uliniajiri kwa mkataba nitengeneze modeli ya kupima jinsi mapato ya kila mfanyabiashara yanavyopanda na kushuka wiki hadi wiki. Ambaye mapato yake yangeonekana kuyumba mno asingepewa kizimba cha kuuzia sokoni, kwa hofu kwamba atashindwa kulipa kodi.

Shangazi yangu, aliyenilea Kalemela na kunisomesha kwa biashara ya dagaa, naye aliomba. Modeli ikamkata. Hajui kwamba niliitengeneza mimi.

"Kompyuta imenikataa, mwanangu," aliniambia akicheka, huku akivuta turubai mvua isiwafikie dagaa wake. "Hivi hiyo kompyuta imewahi hata kuanika dagaa?" Kisha akashusha sauti. "Au nilijibu vibaya maswali yao? Wewe ndiye msomi, niambie nilikosea wapi."

"Hukukosea, shangazi," nikajibu.

Niliporudi kwenye data, niliona mapato yake huporomoka kila mbalamwezi na kupanda giza linaporudi. Nimekulia ziwani! Ninajua kwamba mwezi ukiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa, na mitumbwi hupumzika. Modeli yangu iliyaita mapumziko hayo kuyumba, ilhali huenda hakuna kipato kinachotabirika kuliko hicho.

Nimeirekebisha kwa siri, nikauingiza mwezi. Shangazi anapita. Lakini vizimba vimekwisha; ili yeye aingie, lazima atoke mama mmoja wa Nkololo, muuza mtindi, ambaye ameshapaka chake rangi ya bluu na hajamkosea mtu. Kinachonitesa zaidi ni hiki: wauza dagaa wengine nao walikatwa, wala sikushtuka. Je, ningeutafuta huo mwezi kama shangazi asingekuwamo? Ninasahihisha takwimu, au ninampendelea ndugu yangu na kuyaita mapenzi hayo sayansi?

Sasa mkuu wa mradi anataka modeli ileile, ya kwanza, ipelekwe kwenye masoko mengine ya mkoa. Anaisifu.

Jana shangazi aliniletea dagaa wakavu. "Kula, mwanangu, kazi ya kichwa inachosha." Bado wako mezani, sijawagusa.

Ndugu zangu, nishaurini. Ni lazima niseme, hilo ninalijua. Nimtazame nani machoni kwanza: mkuu wangu, yule mama wa mtindi, au shangazi?