Mlango Uliofungwa Mara Mbili

Mlango wa dereva wa gari la Dakika haukukubali kufungwa mara moja. Mara ya kwanza ulitoa mlio mzito, duu, ukarudi nyuma kidogo kama mtu aliyesahau kitu. Mara ya pili ulilia taki, mlio mkavu na mfupi, ukatulia. Ulianza tabia hiyo zamani, baba yake akiwa bado ndiye mwenye usukani, na mzee alifariki akisema ataushughulikia wiki ijayo. Dakika naye, ambaye riziki yake ni kutengeneza vitu vilivyochoka, aliuacha ulivyo. Fundi saa ana saa za watu za kumtosha.

Jina la Dakika alipewa na wateja. Ukimpelekea saa iliyokata roho, alibana kioo chake jichoni, akaichungulia tumboni, akakwambia bila kuinua kichwa, "Nipe dakika moja." Ukarudi baada ya wiki mbili. Hakuwa mwongo, maana ndani ya kile kiduka chembamba, kati ya duka la miwani na ngazi za jengo, saa kumi na tisa za ukutani zilikuwa kila moja na majira yake, na dakika humo ilikuwa ndefu kweli. Alasiri jua lilipopenya mlangoni na vumbi likaanza kuelea, hata mteja mwenye haraka alijikuta ameketi kwenye kigoda, ametulia tuli, hakumbuki alikuwa anawahi wapi.

Saa kumi na moja jioni alifunga duka, akaendesha mpaka nyumbani, akaegesha chini ya dirisha la sebule. Duu. Taki. Ndani, mama yake, ambaye macho yalikuwa yameingia ukungu na kumbukumbu zikafuata, aliinua kichwa kitini na kusema, "Huyo amefika." Kuanzia hapo mpaka wakati wa kulala alikuwa mama mwenye mwana. Alimwita baba, kama akina mama wanavyowaita wana wao, akala naye, akamsema kwa shati ambalo halikupigwa pasi, shati ambalo hata hakuliona.

Aliyegundua siri hiyo ni mama mdogo, aliyekuwa akishinda na dada yake mchana kutwa.

"Dada hakujui kwa sura," alimwambia Dakika siku moja jikoni. "Wala kwa sauti. Sauti yako anasema ni kama ya marehemu baba yako. Anakujua kwa ule mlango."

"Mama mdogo, mimi amenizaa. Mlango tuliununua."

"Ndiyo hivyo sasa. Siku ile uliporudi kwa miguu si alikuketisha kiti cha wageni?"

Dakika aliikumbuka siku ile. Alikumbuka pia alivyoitwa bwana.

Ndipo ikaja simu kutoka kwa kampuni iliyomuuzia baba yake lile gari. Breki za magari ya aina yake zilitakiwa kukaguliwa, na ukaguzi ulikuwa wa bure. Jumatatu asubuhi akalipeleka. Ukumbi wa idara ya huduma ulikuwa mweupe na baridi, sakafu yake ikikuonyesha viatu vyako juu chini. Dada wa mapokezi alitoka na fomu yenye mchoro wa gari, ambamo kila penye mkwaruzo huzungushiwa duara. Alilizunguka gari taratibu, kalamu mkononi, asizungushe duara lolote. Gari lilikuwa kongwe, lakini lilitunzwa.

"Kuna malalamiko mengine, baba?"

"Hakuna. Ila mlango wangu hupenda kuombwa mara mbili."

Alikuwa anatania. Dada wa mapokezi hakucheka. Aliandika: Mlango wa dereva una tatizo la kufunga. Dakika akatia sahihi bila kusoma, yeye ambaye kila siku husoma maandishi madogo kuliko chembe za mchanga migongoni mwa saa.

Jioni gari lilikuwa limeoshwa linang'aa, na limeegeshwa ubavu wa dereva ukiwa umekaribia ukuta. Alijipenyeza kati ya gari na ukuta. Mlango ulikuwa umebonyea kuanzia kwenye kitasa mpaka karibu na bawaba, bonde la kulaza mkono mzima, rangi imechubuka, na kwa ndani umeshikizwa kwa waya usifunguke njiani.

"Huo ulikuja hivyo hivyo," alisema msimamizi wa karakana, mtu mnene, mpole, mwenye tai fupi. Aliigonga fomu kwa kidole. "Umesaini mwenyewe. Mlango una tatizo."

"Tatizo la kufunga. Hapo kwenye mchoro kuna duara?"

"Duara halipo, lakini huenda dada hakuona."

"Mama yangu haoni," alisema Dakika, "na angelijua bonde hili kwa kiganja."

Msimamizi akaanza kumpiga chenga. Meneja amesafiri. Mafundi wa zamu ile wametoka. Njoo kesho. Dakika akaja kesho, na kesho yake. Lakini alikuja na mkoba wake wa kazi, akatandaza kitambaa juu ya meza ya kioo ya wageni, akabana kioo jichoni, akaendelea na saa za watu. Wateja waliokuwa wakisubiri magari walimkodolea macho. Mmoja akavua saa yake. Mwingine akakumbuka kuwa na yake imekaa kabatini tangu mwaka juzi. Kufikia siku ya tatu foleni ya Dakika ilikuwa ndefu kuliko ya mapokezi, na kila aliyeuliza alisimuliwa kisa cha mlango tangu mwanzo, bila hasira, bila haraka. Msimamizi akaona bora yaishe.

Ukweli ukatoka. Fundi alisoma ile sentensi ya fomu, akafungua mlango auchunguze, akaitwa kwingine, akaja kulipandisha gari juu huku mlango ukiwa wazi. Ukabanwa na nguzo ya mtambo. Msimamizi aliomba radhi, akasema mlango mpya kabisa utaagizwa na utafika baada ya wiki mbili.

Tangu Jumatatu ile mpaka wiki mbili hizo ziishe, gari lilikaa karakana na Dakika alirudi nyumbani kwa miguu.

Siku ya kwanza alisema, "Mama, ni mimi." Mama akashtuka, mikono ikakamata kiti, akamwita mdogo wake kwa sauti ambayo Dakika hakupenda kuisikia tena. Hakurudia kosa. Siku ya pili alibisha hodi, akangoja akaribishwe.

"Karibu bwana. Mwanangu hajarudi bado. Keti umsubiri."

Akaketi kiti cha wageni karibu na mlango, na wote wawili wakamsubiri. Mwanga wa jioni ulishuka ukutani pole pole, ukapita kwenye picha ya baba yake, ukafika sakafuni. Mama alikuwa mkarimu kwa wageni, hakupenda wakae kimya, kwa hiyo alimsimulia habari za mwanawe. Alivyoifumua saa ya ukutani akiwa na miaka sita, akaficha gurudumu moja mdomoni wasimkamate. "Nilijua ni yeye," alisema mama. "Nilinyamaza kwa kuogopa atalimeza." Dakika alikuwa ameishi miaka zaidi ya arobaini akiamini kwamba kosa lile halikujulikana. Jioni baada ya jioni alisikia habari zake mwenyewe kutoka kwa mtu asiyejua anamwambia nani, na zilikuwa nzuri kuliko alivyodhani. Kuna nyakati alisahau naye, akageuka kutazama mlangoni kama kweli kuna mtu atatokea.

Ila mama hakuwa anakula. Mama mdogo aliweka chakula, akabembeleza, akanuna, akabembeleza tena.

"Nitakula na mwanangu," mama alijibu. "Leo kachelewa tu."

Bangili yake, ambayo zamani ilibana, ilikuwa sasa inateleza mpaka kwenye kiwiko. Dakika aliiona ikiteleza. Mzaha ule mdogo wa mapokezi ndio uliofanya yote haya, na mzaha ulikuwa wake.

Mlango mpya ulipofika waliufunga kwa kazi ya asubuhi moja. Ulikuwa mzuri kuliko gari lenyewe. Siku hiyo Dakika alifunga duka mapema, akaegesha chini ya dirisha, akashuka, akausukuma. Ukajifunga kwa pumzi moja laini, kama friji. Akasikiliza dirishani. Kimya. Akaufungua, akaubamiza kwa nguvu. Pumzi ileile. Aliufungua na kuufunga mpaka mama mdogo akachungulia.

"Utauchosha bure, mwanangu. Njoo ndani."

Alibisha hodi. Akakaribishwa. Akaketi.

Asubuhi iliyofuata alikuwa mapokezi kabla hawajawasha taa zote.

"Nimekuja kulalamika," alimwambia dada wa mapokezi.

"Nini tena, baba?"

"Mlango unafunga vizuri."

Dada yule, ambaye hakuwahi kucheka, alicheka. Kisha akamtazama usoni, akaacha. Dakika akamweleza yote, ya dirisha, ya kiti cha wageni na ya bangili, bila kuona haya. Dada akaweka kalamu chini. Hakumwita msimamizi. Alimpitisha mlango wa nyuma mpaka uani, ambako vyuma vikuukuu vilirundikwa vikingoja lori la kuvibeba. Mlango wa zamani ulikuwa juu kabisa, bonde lake limejaa maji ya mvua.

Fundi mmoja mwenye mvi aliwafuata, akijifuta mikono kwa kitambaa.

"Ni mimi niliyeusahau wazi," alisema. "Nilitaka kukusaidia."

"Najua. Na mimi ndiye niliyekuomba."

Wakaubeba ndani pamoja. Fundi alikifungua kitasa cha ndani cha mlango wa zamani, ule ulimi unaong'ata fremu, akakihamishia kwenye mpya. Wakafunga. Taki, ikaja mara moja, na mlango ukakubali papo hapo. Fundi akatabasamu. Dakika akatikisa kichwa. Alikuwa amefumba macho, ameegemeza sikio, kama anavyosikiliza saa inayopoteza sekunde mbili kwa siku.

"Taki imekuja. Duu ilikuwa inatoka huku chini." Akagusa bawaba. "Mlango ulikuwa unalegea kwanza, ndiyo maana ukakosa shabaha."

Wakachomoa pini ya bawaba ya zamani, iliyolika upande mmoja kwa miaka thelathini ya kufunguliwa, wakaitia kwenye bawaba mpya. Haikutosha. Dakika akatoa tupa yake ndogo ya kazi, akapunguza chuma unywele kwa unywele, na asubuhi ikawapitia hawana habari. Msimamizi alikuja na tai yake.

"Mnauharibu mlango mpya?"

"Tunautengeneza," alisema fundi, asigeuke.

Jaribio la kumi na nne, au la kumi na tano, mlango ulisema duu, ukarudi nyuma. Wakatazamana. Dakika akausukuma tena. Taki. Mafundi wa magari ya jirani walisimamisha kazi bila kujua kwa nini, na fundi mwenye mvi akaficha uso kwenye kile kitambaa cha mafuta.

Dada wa mapokezi alimletea fomu. Safari hii Dakika aliisoma yote. Mahali pa kazi iliyofanyika palikuwa pameandikwa: Mlango wa dereva umerudishiwa tatizo lake. Akatia sahihi.

Aliingia dukani akafanya kazi mpaka saa kumi na moja, asivunje ratiba, ingawa siku ile saa zote kumi na tisa alizishuku zimelala. Aliendesha polepole. Akaegesha chini ya dirisha. Alikaa kidogo ndani ya gari, mkono juu ya mlango, akiogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

Duu.

Taki.

"Huyo amefika," ilisema sauti ndani.

Aliingia bila kubisha hodi. Mama alikuwa ameketi wima, uso ameuelekeza mlangoni, mkono mmoja umenyooshwa hewani. Akaushika.

"Umechelewa, baba."

"Nimechelewa, mama. Nisamehe."

"Umekula?"

"Bado. Tutakula wote."

Mama mdogo tayari alikuwa jikoni, akigonganisha sahani kuliko ilivyolazimu. Mama aliupapasa mkono wa mwanawe mpaka kwenye bega, akafika kwenye kola ya shati, akaguna kwa kutoridhika.

"Kuna bwana alikuwa anakuja hapa kukuulizia," alisema. "Kila siku. Mpole, ana adabu. Mlionana?"

"Tulionana, mama."

"Afadhali. Nilimwonea huruma sana. Alikuwa na sauti ya mtu asiye na mama."