Gita la Makabila Mawili

Juzi, kwenye biro ya teritwari, ofisi ya wilaya pale Masisi, nilisimama nyuma ya mpiga gita aliyehamia kwetu kutoka Rwanda. Aliomba ruhusa ya kwenda kupiga kwenye arusi Kirotshe. Karani akamwamuru apige kwanza, asikie. Jamaa akapiga jazi ya kwenye santuri, kwa vidole vilivyozoea inanga, zeze la kwao, huku akiimba wimbo wa mavuno wa Wahunde, wenyeji wa hapa.

“Papa, hii iko ya kabila gani?” karani akauliza.

“Ya nyumba yangu. Mama mukwe iko Muhunde, njo alinifundisha.”

“Hapana! Mimi niko mulinzi wa mila. Chagua kabila moja, ao gita inabaki hapa.”

“Basi kaka, nikate mukono gani? Wa kushoto unashika Kihunde, wa kuume unapiga Kinyarwanda.”

Sisi wa nyuma tukacheka. Karani akalinyakua gita, akalifungia kabatini. Jamaa akatoka mikono mitupu.

Lakini mimi nilikuwa nimechungulia chini ya meza! Gita lilipolia, viatu vya karani huyo vilicheza, kisigino na ncha, bila kukosa pigo hata moja. Halafu anajiita mlinzi wa mila? Mlafi huyo! Ameshiba karamu peke yake, kisha akawafungia mlango maarusi.