Vipande vya Mpira kwenye Springi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hata spana. Shefu wa gereji yetu ya Rumonge kando ya ziwa, fundi aliyetoka Kongo, alinionyesha taksi moja, akasema, "Wewe mutoto ya Tanzania, sukuma kona ya gari, uachilie, uangalie inaruka mara ngapi." Nikasukuma. Likapanda, likashuka, likatulia. "Hii iko muzima," akasema. "Ikiendelea kucheza, shokapu imekufa." Shokapu ndiyo inayoituliza springi, bila hiyo gari hudundadunda hovyo. Upepo wa ziwa ulikuwa unaingia hadi ndani, na leo nikifumba macho bado unanijia, pamoja na harufu ya mawese.

Mawese ndiyo yaliyonifundisha kazi, na ndiyo yaliyonipotosha. Shefu alinituma Kizuka, nikakaa huko miaka, nikitengeneza taksi zilizopakiwa madumu ya mawese mpaka mkia ukagusa vumbi. Dawa yetu ilikuwa moja: tunakata tairi kuukuu, tunapachika vipande vya mpira katikati ya mizunguko ya springi za nyuma, gari linasimama wima. Mazoea yana taabu. Mikono yangu ilifika mahali ikawa inafanya bila kuniuliza.

Kisha Shefu akaniita tena Rumonge. Binti yake, Aline, alikuwa amepata gari dogo la mashindano, na ndoto yake yote ilikuwa humo. Nikaliandaa kwa mapenzi, nikiimba, na nyuma nikapachika mpira. Gari lenyewe halikuwa la kubeba hata dumu moja.

Siku ya mazoezi, kwenye kona iliyo juu ya maji kabla ya Muhuta, Aline aliachia pedali ya mafuta kidogo tu. Mkia ukateleza, gari likazunguka na kusimama likitazama lilikotoka. Hakuumia. Sisi tuliokuwa kando tulibaki tukiliangalia ziwa, bluu, limetulia kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Umeogopa, ukatoa muguu!" Shefu alifoka. "Gari haiko ya waoga. Nitaiuzisha."

"Papa, si mimi. Ni gari."

Hakumsikiliza. Mimi nilijua palepale. Dereva akiachia mafuta, uzito hukimbilia mbele, matairi ya nyuma yanakuwa mepesi; ukiyawekea na springi iliyokazwa kwa mpira, hayashiki barabara. Nilijua, nikanyamaza. Niliogopa kufukuzwa. Siku mbili nilizunguka gerejini kama mtu anayetembea usingizini, nikimwona Aline akipita bila kuinua kichwa.

Siku ya tatu nikaweka beseni lenye maji nusu ndani ya gari, miguuni pa Shefu aliyeketi kando ya dereva, nikamwomba Aline azunguke uwanja polepole. Akifunga breki, maji yanakuja mbele. Akikata kona, yanapanda upande wa nje.

"Shefu, uzito ni kama haya maji," nikasema. "Haupotei, unahama tu. Kule nyuma nimeuharibia njia mimi." Tuliposimama nikachomoa vipande vya mpira, nikamwekea mkononi.

Akavigeuza kiganjani. "Kosa iko yako," akasema, "lakini aibu iko yangu. Nilimuita mutoto wangu muoga."

Kesho yake Aline alirudi kwenye kona ileile, akaachia mafuta makusudi. Gari likainama kidogo, likapita.

Sasa nimestaafu, na Shefu tumeshamzika. Mwezi uliopita Aline alinipeleka Kabezi kwa gari lake la kawaida. Tulipofika kwenye kona ile, maji yaking'aa chini yetu, nilishindwa kujizuia. Nikamwambia kwamba zile siku mbili nilijua kosa ni la mpira wangu.

"Tonton, na mimi nilijua," akasema, akiniita mjomba kwa Kifaransa, macho barabarani. "Nilitoa gurudumu siku ileile, nikaona mpira."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, Papa angesema muoga anatafuta sababu." Akabadilisha gia taratibu. "Nilikuwa nakungoja wewe."